Punje ya Shibe

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu, binti yangu Subilaga alikuja asubuhi na kiti cha waya, kile kinachoning'inia kutoka juu mlimani, akashuka, akanisalimia vizuri, akauliza aweke wapi mkoba wake.

Mnajua inavyokuwa kwenye msiba. Wanawake tumekaa chini kwenye mikeka, miguu tumenyoosha, sauti zimeshakauka tangu jana yake. Akifika mtu wa karibu na marehemu, kilio kinaanza upya, kwa sababu yeye bado hajalia na sisi hatutaki alie peke yake. Na Subi ndiye aliyekuwa wa karibu kuliko wote. Baba yake alifariki akiwa hajaanza kutembea, mimi nikawa sokoni nasuka nywele za watu kutwa nzima, aliyemlea ni bibi yake. Basi tulipomwona mlangoni tukainuka wote kumpokea kwa kilio, mimi mbele, mikono nimeitanua.

Alisimama akatusubiri tumalize.

Tulipomaliza akasema, "Poleni sana. Bibi alikuwa mtu mzuri." Akapita katikati yetu kwa adabu, akatoka uani kuangalia turubai, maana mvua ilikuwa inadondoka kwenye sahani za wageni. Akapanda kwenye stuli, akalifunga upya. Halafu akabadilisha foleni ya chakula, ikaenda haraka, wanaume wakamsifu. Mzee wa ukoo akasimama akasema tumshukuru binti huyu mbele ya watu, kwa sababu hata ndizi tunazokula ni zake. Ni kweli. Mnyauko ulikuwa umeimaliza migomba ya wilaya nzima, tukawa tunakula unga wa serikali, na Subi akiwa msichana wa miaka kumi na sita aliitafuta dawa kule Kituoni mlimani, walikomchukua akiwa na miaka kumi na moja, mpaka akaipata. Watu wakapiga makofi. Yeye akainamisha kichwa kidogo, akaendelea kupanga sahani.

Kaburi lilipofukiwa akachukua mkoba wake. Nilimfuata hadi kwenye kituo cha viti vya waya, nikamshika mkono, nikamwambia alale, kwa kuwa mle ndani nimebaki peke yangu. Alifikiri kweli, nilimwona akifikiri. Kisha akasema, "Mama, wewe unahitaji mtu wa kulala naye. Nitamwomba mama Sekela aje."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Angesema kwa ubaya ningemchapa kofi tukalia wote. Alipogeuka kupanda kiti nikaiona nyuma ya sikio lake, chini ya ngozi, kama punje ya mtama. Nikasema moyoni, aliyeiweka hiyo atanilipa.

*

Aliyeiweka nilikuwa namjua vizuri. Kichwa chake nilikuwa nacho mikononi kila baada ya wiki mbili.

Dokta Atuganile ndiye aliyekianzisha Kituo cha Kuchanua, kule mlimani wanakolaza na kufundisha watoto, na mpaka leo watu wengi wanamtaja kwa heshima. Hakuwa mtu wa majivuno. Alikuja bandani kwangu sokoni Tukuyu kama wateja wengine, akakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yangu, akaegemeza mgongo, akataka asukwe twende kilioni, mistari yote inakwenda nyuma. Tulilingana umri. Nilimsuka kabla Subi hajachukuliwa na nikaendelea kumsuka baadaye, kwa kuwa sikujua.

Tulichoambiwa wazazi kwenye mkutano ni kwamba watoto wapya wanalia, wanataka kwao, hawalali, masomo hayaingii. Kwa hiyo wangewekewa punje ndogo ya kupunguza hamu ya nyumbani. Tulipiga makofi. Mzazi gani anataka mwanawe alie?

Dokta alipokuja baada ya msiba nilimpa pole ya kusubiri foleni, nikamkalisha, nikachana nywele zake taratibu, nikamuuliza punje ile inafanya nini hasa. Nilidhani atanificha. Hakunificha kitu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba na yeye alikuwa nayo, tena alikuwa wa kwanza kuivaa, na mtu aliyeshibishwa usalama haogopi mtu yeyote. Aliniambia kila kitu huku akila karanga.

Alisema binadamu ana njaa tano, moja juu ya nyingine kama ngazi. Ya chini ni ya tumbo. Inafuata ya usalama, kulala ukijua utaamka. Ya tatu ni ya kupendwa na kuwa wa watu fulani. Ya nne ni ya kuheshimiwa. Ya juu kabisa ni ya kuchanua, mtu kuwa yule ambaye mbegu yake ilikusudia awe. Watu wa zamani, alisema, waliamini ni lazima ushibe huku chini ndipo upande huko juu, ndiyo maana wengi walikufa wakiwa ngazi ya pili au ya tatu, wanatafuta ugali, wanatafuta mume. Yeye akauliza swali moja tu. Itakuwaje kama ubongo ukiambiwa umeshashiba?

Ndiyo kazi ya punje. Inakaa nyuma ya sikio na kunong'onea ubongo, umeshapendwa, yametosha, endelea. Tumbo hailigusi, maana mtu angekufa njaa. Inagusa ya pili, ya tatu na ya nne. Nguvu zote ambazo mtoto angezimaliza kwa kumlilia mama na kugombana na wenzake zinapanda juu.

"Subilaga angekuwa anakulilia wewe," aliniambia, "mngekuwa mnakula nini leo?"

Nilivuta mstari nikaukaza. Nikamuuliza kama inaweza kuzimwa. Akasema inaweza, ila sheria inataka mwenye punje aombe mwenyewe, kwa sababu ile njaa haifi. Inajikusanya nyuma kama maji kwenye bwawa, na siku ukifungua inakuja yote. Hata hivyo hakuwa mchoyo. Alimpigia Subi palepale, simu ikiwa wazi, akamweleza kwamba mama yake anaomba azimiwe. Nikaisikia sauti ya mwanangu ikisema hapana, asante, ana kazi nzuri na hana shida yoyote, mama asiwe na wasiwasi.

Dokta akakata simu, akaendelea na karanga. "Mama Subi, sema ukweli. Unataka mtoto arudishiwe njaa ili wewe ushibe?"

Nikaendelea kusuka. Jibu lake nalitafuta mpaka leo. Nimeishia darasa la saba, yeye amesoma mpaka ng'ambo, lakini naamini hata angekuwepo profesa pale asingekuwa na jibu la haraka. Mwanangu alikuwa na furaha. Analala vizuri, anakula, watu wanamsifu, anafanya kazi aipendayo. Kilichopungua ni mimi. Nikimzima atalia miaka yote ambayo hakulia, atalia juu ya kaburi la bibi yake, labda asishike kazi tena. Nisipomzima nitakufa siku moja, naye atakuja kupanga sahani za wageni.

Hilo lilikuwa la Subi, na lilinichanganya. La yule mwanamke halikunichanganya hata kidogo. Kwake nilijua ninachotaka. Na yeye mwenyewe, nilipofika karibu na sikio lake, akanikumbusha niwe mwangalifu na punje. "Ikisogea kuja mbele, huku shavuni, inajizima. Tuliiweka hivyo ili mtu akizidiwa tuizime kwa kidole. Ukiona imesogea, irudishe nyuma."

Nikamwambia sawa, Dokta, usijali.

*

Sekela, yule aliyeombwa aje kulala kwangu, tunasukia banda moja. Nilimweleza ninachotaka kufanya, akaacha kusokota uzi. Aliniambia nimwachie Mungu.

"Mungu hasuki nywele," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayesuka."

Akasema hilo ni kufuru, tena ni roho mbaya, kwa kuwa yule dokta hajawahi kunitukana wala kuninyima hela yangu. Nikamwambia ndiyo, hajawahi. Nitamjaribia yeye kwanza, nione mtu akizimwa anakuwaje, ndipo nijue kama mwanangu atastahimili. Hiyo ilikuwa sababu yangu ya kumwambia mtu. Ya kwangu ya ndani ilikuwa nyingine. Nilitaka kumwona akililia mtu, na mtu huyo asije.

Alikuja Jumamosi, mvua inanyesha, mashine za kuchuma chai zimesimama mashambani kwa sababu ya matope. Akakaa. Nikasuka upande wa kushoto wote nikaumaliza vizuri, maana kazi yangu siiharibu. Alikuwa ananieleza habari za watoto wapya watakaopokelewa mwezi ule, kundi kubwa kuliko yote. Nikahamia kulia. Nikaipapasa punje kwa ncha ya chanuo, nikaiwekea kidole, nikaivuta taratibu kuja mbele. Ilikwenda bila shida yoyote.

Kwanza hakukuwa na kitu. Akaendelea kusimulia habari za mabweni. Halafu akanyamaza katikati ya sentensi.

"Mama Subi, upo?"

Alikuwa ameegemea magoti yangu, mikono yangu ipo kichwani kwake, na ananiuliza kama nipo. Nikaendelea kugawa nywele. Akageuka akanitazama kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua, kisha akaanza kusema habari za mama yake. Mama yake alikuwa amefariki akiwa Mbeya hospitalini, aliita jina lake mpaka mwisho, naye alituma shada la maua akaenda kufundisha kipindi. Alisimulia kama jambo linalotokea pale bandani, wakati ule. Akauliza, "Aliniita? Waliniambia aliniita. Mimi nilikuwa wapi?" Akaficha uso kwenye kitenge changu akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Sekela alikimbia kufunga mlango.

Nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Hiyo ndiyo njaa uliyomwondolea mwanangu. Ionje."

Alinishika miguu. Alisema nisiondoke, tafadhali nisiondoke, afadhali nimpige kuliko kuondoka. Basi nikaondoka. Nilitoka nje, nikaenda kwa muuza mahindi ya kuchoma, nikanunua hindi, nikasimama chini ya bati lake nikalila lote, punje moja moja, huku namsikia kupitia mbao za banda akiniita. Sitawadanganya kwamba hindi lile lilikuwa chungu. Lilikuwa tamu.

Niliporudi alikuwa amejikunja kwenye mkeka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na Sekela amempakata analia naye. Sekela alinitazama vibaya. Akaniambia nimrudishe, yatosha. Mimi nilisema bado.

*

Nyumbani kwake hakuweza kukaa, ilikuwa nyumba kubwa yenye ukimya. Nikamchukua kwangu. Msidhani ni huruma. Nilitaka awe karibu nimwone.

Alilala kwenye kitanda cha mama mkwe wangu na mlango uko wazi, akisikia nimekohoa anauliza kama nimeamka. Nikienda kuteka maji anasimama dirishani. Aliniita mama, mwanamke wa umri wangu, aliyezoea kuitwa Dokta na mawaziri. Mara ya kwanza nilimkataza, mara ya pili nilimwacha, na kwa kuwa naandika ili mjue, ngoja niseme lote: lilikuwa neno ambalo sikuwa nimelisikia kwa utamu ule tangu Subi awe na miaka kumi na moja. Nililisikia kwa mtu nisiyemtaka. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Kituo kilipokosa dokta wake kikamtuma Subi. Alifika akabisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa. Nilimwambia karibu, akakaa, akamtazama Atuganile aliyekuwa sakafuni ameegemea kiti changu. Aliuliza anakula, analala, anaongea. Akamchunguza macho. Hakushangaa wala hakunikasirikia. Aliinama ili aitazame ile punje, na alipoinama, sikio lake likawa hapa, karibu na mkono wangu. Nilikuwa nimengoja siku ile. Nikanyoosha kidole.

Alinishika kifundo cha mkono bila kunitazama, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asiguse chungu cha moto.

"Mama, nilishasema hapana."

Nikamwambia hajui anachokataa. Nikamwambia habari za alivyokuwa mdogo, alivyokuwa ananing'ang'ania kitenge mpaka nasukia huku nimemfunga mgongoni, na bibi yake alivyokuwa anamwita. Alisikiliza. Akasema anakumbuka yote, hakusahau hata moja, ila hayamvuti. Akasema ameangalia mtu aliyezimwa, yule pale sakafuni, na haoni sababu ya mtu kuchagua hivyo. Kisha akasema lile lililonivunja.

"Naomba unisaidie kitu."

Jamani. Tangu alipopanda mlimani hakuwahi kuniomba hata chumvi. Nguo alipewa, chakula alipewa, mimi nilikuwa napeleka maparachichi yanagawiwa kwa wengine. Sasa amekaa kwenye kiti cha bibi yake, ananiomba. Nilisema, "Sema, mwanangu. Chochote."

Alitaka nimrudishe Dokta. Watoto wapya wanakuja wiki ile na mwenye mkono mzuri wa kuweka punje ni yeye. Wengine wa Kituoni walishamfuata kwangu wakajaribu kumshika, akapiga kelele. Ni mimi tu anayeniruhusu kumgusa kichwa. "Isogeze punje nyuma tu, mama. Ataacha kuumia, na wewe utakuwa umenisaidia sana."

Atuganile alisikia. Alipanda magotini kwangu kama mtoto anayeona sindano, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Nilidhani ataniomba nimfunge tena kwa punje, apumzike. Ndivyo nilivyotaka, aniombe, nami nimkatalie.

"Usinifunge, mama," alisema. "Nikifungwa nitamsahau tena mama yangu. Niache niumie naye."

Hapo nikaona nilivyochezewa. Nilimpa adhabu, naye ameishika kama mali. Nikaelewa kwamba sasa, kama kweli nataka kumlipiza, kisasi chenyewe ni kumfunga. Kumrudisha nyuma kwa kidole kimoja, ajue kwa dakika ile moja anachonyang'anywa. Na juu yake nipate asante ya mwanangu. Kidole kilikuwa tayari nyuma ya sikio lake. Niliisikia punje inateleza chini ya kucha. Subi ananiangalia, uso wake mzuri, umetulia, unasubiri.

Nilitoa mkono.

Sitaki mniite mwema. Nilimfikiria yule mtoto wa kwanza kwenye foleni ya wiki ile na mama yake akipiga makofi, ni kweli, lakini zaidi ya hapo nilikuwa sijamaliza naye. Nilikuwa na jambo jingine nataka kumtumia. Nikamwambia Subi hapana.

Nilingoja aseme nina roho mbaya. Alie, abamize mlango, anitukane mbele ya jirani. Angalau hicho.

"Sawa, mama," alisema. Akaomba maji, akanywa, akaniambia basi itabidi aweke yeye mwenyewe, atajifunza. Akaondoka.

*

Jambo lenyewe ni hili. Nilitaka Atuganile aaibike mbele za watu. Na nilitaka wale wanawake wanaopeleka watoto wapya waone kwa macho, maana maneno yangu nilijua hayatatosha, mimi msusi wa sokoni, mbele ya Kituo kilichoturudishia ndizi.

Siku ya kuwapokea watoto nilimvalisha Atuganile gauni lake la kazi, nikamfumua, nikamsuka kichwa kizima, apendeze, wamtambue. Tukapanda viti vya waya. Njia nzima alinishika. Nilimwambia atakachosema: awaambie ile punje ni nini, awaambie kilichompata mama yake, awaambie watoto watakuja kuwazika kwa adabu na kuondoka. Alikubali. Alisema atasema kila kitu nikimwambia aseme.

Getini walikuwa wamejaa. Wanawake wamevaa vitenge vya sherehe, watoto wana sare mpya zinazowapwaya, mabegi mgongoni. Watoto walikuwa wanalia, si wote, lakini wengi, kile kilio cha chinichini cha mtoto anayejua ataachwa. Wamama wanawabembeleza, wengine wanawabana mikono. Walipomwona Dokta wakaanza kushangilia. Nikamsukuma mbele.

Alianza vizuri. Alisema, "Wamama, mimi niliwadanganya." Watu wakasogea karibu. Akasema punje haipunguzi hamu ya nyumbani, inaiua. Akasema yeye alivaa, akaacha kumhitaji mama yake, na sasa imezimwa. Hapo akamwona mtoto wa kike mmoja, mdogo kuliko wenzake, amejificha kwenye kitenge cha mama yake, analia. Akashindwa. Alipiga magoti kwenye kokoto akamkumbatia yule mtoto, akalia kwa ile sauti, anaita mama, mama, kamasi zinamtoka, mistari niliyomsuka imejaa vumbi. Mtoto akaogopa akapiga kelele. Watu wakarudi nyuma. Nilimvuta bega nikamwambia sema, sema basi, lakini maneno yalikuwa yameisha.

Mama wa yule mtoto alimnyakua mwanawe, akaniuliza kwa hofu dokta amepatwa na nini.

Nikamjibu kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Nilidhani hapo ndipo ninaposhinda. "Amezimiwa punje. Ndivyo mtu alivyo ndani, mkimzimia."

Alimtazama Atuganile pale chini. Akamtazama mwanawe, machozi yaleyale, kamasi zilezile, mdomo umekunjika vilevile. Akamuuliza mwenzake pembeni, taratibu, na nilimsikia: kwa hiyo mtu asipokuwa nayo ndivyo anavyokuwa, hata awe amesoma kiasi hicho? Mwenzake akasema Mungu apishe mbali. Akambeba mwanawe begani akaingia getini karibu anakimbia. Wa pili akamfuata. Halafu wote, wanasukumana, kila mmoja anataka wa kwake aingie mapema, awekewe kabla hajawa kama yule.

Nilipiga kelele. Niliwaambia mmeona vibaya, rudini. Mama mmoja alinisukuma kwa kiwiko akasema nitawaambukiza watoto.

Subi alikuwa mlangoni, koti jeupe, anawapokea mmoja mmoja kwa jina. Alinipungia mkono kama anavyompungia mtu yeyote.

Wewe unayesoma, kama una mtoto anayekulilia, najua unachoka. Najua unatamani asubuhi moja tu upite mlango bila kung'ang'aniwa. Usimpeleke. Na kama una mtu unayemdai machozi, usimlize mbele za watu ukidhani watajifunza kitu.

Tulibaki nje, mimi na Atuganile, pamoja na wamama waliokwishaingiza watoto wao. Dirisha la chumba wanamowekewa punje liko juu, halionyeshi kitu, lakini sauti inatoka. Walikuwa wanalia kwa pamoja, kisha wakaanza kupungua, mmoja akanyamaza, mwingine akanyamaza. Atuganile alikuwa ananibana mkono kila sauti inapokatika. Mwishoni ikabaki ya yule mdogo. Aliita mama mara nyingi, akaita tena, na mara ya mwisho hakulimalizia neno.

Mama yake, aliyesimama karibu yangu, akashusha pumzi, akakaza kitenge kiunoni. "Afadhali," akasema.